Wapeni Wanafunzi Ushahidi: Ilani ya Chemchem

Sisi tunaotoa ilani hii ni walimu, wanafunzi, wazazi, wastaafu wa reli na wakazi wengine wa Chemchem na kata za jirani, Manispaa ya Tabora. Tunaanzisha vuguvugu lenye dai moja: mwanafunzi anayetafuta mtandaoni historia na utamaduni wa nchi hii akute ushahidi wenyewe, aukute kwa Kiswahili, asitozwe chochote, na aoneshwe ulikotoka. Jina la vuguvugu bado hatuna. Wapo waliotaka tuanze na jina, nembo na fulana. Tumeona tuanze na kazi, fulana zitafuata.

Tangu Januari 2024, chini ya mitaala mipya, shule zimeanza kufundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, ambako masomo mengi ni ya Kiingereza. Tunaliunga mkono kwa moyo wote. Shida inaanza kengele ya mwisho ikishalia. Mwalimu ametoa kazi: andika kuhusu misafara ya karne ya 19 na kukua kwa miji ya bara. Mwanafunzi hana simu, maana shuleni simu ni marufuku, na ya mzazi inarudi nyumbani usiku ikiwa na bando la kusomea WhatsApp tu. Anakwenda steshenari. Kijana wa steshenari, ambaye hana kosa lolote, anaandika maneno matatu ya Kiingereza, anafungua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, anauchapa, anapokea hela yake. Kesho yake mwalimu anapokea kazi arobaini zinazofanana mpaka makosa ya tahajia.

Siku hizi njia imefupishwa zaidi. Akili mnemba inaulizwa, inajibu kwa Kiswahili laini, aya tano zilizonyooka, bila kutaja hata mara moja nani aliliona jambo hilo na wapi liliandikwa. Mwanafunzi anapata alama zake. Alichojifunza ni kwamba historia ni jibu ambalo tayari limeshawekwa mahali fulani, na kazi yake yeye ni kulibeba kulipeleka kwa mwalimu. Hilo ndilo tunalolipinga. Hatuipingi intaneti, wala hatumlaumu mtoto. Tunapinga mpango mzima unaompa mtoto jibu kabla ya kumpa kitu cha kuhoji.

Watu wa Tabora tuna sababu yetu ya kulikasirikia jambo hili. Mji huu umeandikwa sana. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, kama walivyoiita, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya miezi minne na zaidi kutoka pwani. Julai 1858 Speke aliondoka hapa kwenda kaskazini, akafika kwenye ziwa ambalo watu wake walikuwa na jina lao la kuliita, akalibandika jina la malkia wake. Stanley akapita mwaka 1871, Livingstone akakaa Kwihara, hapa jirani, mwaka 1872. Wakaja wamisionari wa London, Mapadre Weupe, Wajerumani na mizinga yao, Wabelgiji mwaka 1916, kisha Waingereza. Kila aliyepita aliandika, na kila aliyeandika aliondoka na daftari lake.

Madaftari hayo leo yanajulikana yaliko. Karatasi za Stanley ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Barua za wamisionari wa London Missionary Society, miongoni mwao Dk. Ebenezer Southon aliyeishi Urambo kwa Mtemi Mirambo tangu mwaka 1879 hadi alipofariki mwaka 1882, zinatunzwa SOAS, London. Picha za enzi ya Mjerumani ziko Frankfurt kwa maelfu, na zimeshawekwa mtandaoni zikiwa na maelezo ya Kijerumani. Sauti zetu pia zilisafiri: Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, wa Wanyamwezi ukiwamo, na mkusanyiko wake uko Makhanda, Afrika Kusini. Brussels kuna hata Mtaa wa Tabora, katikati ya jiji, kwa kumbukumbu ya siku majeshi ya Ubelgiji yalipoutwaa mji wetu, tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari za Tabora hazimo mtandaoni. Zimo tele. Zimekaa kwa lugha za wapita njia na chini ya vichwa walivyovichagua wao, na mtoto wa Chemchem akiandika jina la mji wake anaoneshwa kwanza hoteli, kisha hali ya hewa.

Tutoe mfano mmoja kwa kirefu.

Wengi wetu tulipelekwa Kwihara kwa ziara ya shule. Tuliona tembe, tukaambiwa hapa walikaa Livingstone na Stanley, kwamba Livingstone alisubiri wapagazi mpaka Agosti 1872 ndipo akaondoka kwenda kusini, kwamba alifia kwa Chitambo mwaka 1873 na watumishi wake waaminifu, Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake mpaka pwani. Tukapiga picha ya pamoja, tukapanda gari, tukarudi. Kwenye daftari tuliandika: Chuma na Susi, waaminifu. Swali la mtihani likija, jibu lipo.

Sasa tazama kinachoachwa nje. Oktoba 1873 msafara uliobeba mwili ule ulifika hapa hapa Kwihara. Ukamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai. Cameron akawashauri waachane na mzigo huo, wamzike bwana wao hapa. Wakakataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vilivyokuwa vya marehemu, lakini mwili hakuupata. Watu ambao vitabu vinawaita watumishi walimsikiliza ofisa wa Kizungu mwenye bendera na bunduki, wakapima, wakaamua vingine, wakafunga mizigo yao na kuelekea Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Tukio hilo lilitokea umbali ambao mwanafunzi wa Tabora anaweza kwenda kwa baiskeli na kurudi kabla ya chakula cha jioni, na hakuna anayemuuliza: waliamuaje? Nani alizungumza kwanza? Walikuwa na chakula cha kuwafikisha? Wanyamwezi waliokuwa nao, ambao kubeba mizigo ilikuwa kazi yao na ujira wao, walisemaje kuhusu kubeba maiti kupita nchi za watu?

Tena katika msafara huo alikuwamo mtu aliyejua kuandika. Jacob Wainwright, kwa asili Myao, alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaachiliwa, akasomeshwa Nasik, India. Alikuwa katika kundi ambalo Stanley alilituma kutoka pwani likafika Kwihara Agosti 1872. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Livingstone alipofia. Ndiye aliyesimama kaburini Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Naye alifia Urambo, mkoa huu huu, mwaka 1892. Wainwright aliandika shajara ya safari ile. Ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1874, na mwandiko wake wa Kiingereza umewekwa mtandaoni tangu mwaka 2019, bure, kwenye tovuti ya Livingstone Online. Maana yake mwanafunzi wa Urambo anaweza leo kufungua shajara ya mtu aliyefia wilayani kwake. Anaweza, kama Kiingereza cha karne ya 19 hakimpigi chenga, na kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba shajara hiyo ipo. Hakuna.

Tunachotaka ni hiki. Mwanafunzi huyo awekewe mbele yake maandishi matatu kwa Kiswahili: shajara ya Wainwright, maelezo ya Cameron katika kitabu alichokichapisha mwaka 1877, na simulizi ya Chuma na Susi kama mhariri Horace Waller alivyoiandika baada ya kuwahoji Uingereza mwaka 1874. Kisha aulizwe yanakubaliana wapi na yanaachana wapi, na nani alikuwa na sababu ya kujipamba. Hapo atakuwa anafanya utafiti. Somo la maadili nalo, kwa maoni yetu, litakuwa limefundishwa bila mtu kupanda jukwaani.

Mfano wa pili ni mfupi, ila unauma zaidi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mnayemjua kama Tippu Tip, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makazi hapa Tabora, na baba huyo alikuwa mume wa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip aliandika kwa hati ya Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia maneno yake kwenye herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, Kiswahili upande mmoja na Kijerumani upande wa pili. Kitabu cha Kiswahili, cha mtu aliyeijua Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, nyumba kwa nyumba, kilitoka zaidi ya miaka 120 iliyopita ndani ya jarida la wataalamu wa Kijerumani, na mpaka leo wanafunzi wetu wanasoma muhtasari wake uliotoka Kiingereza. Ukiwapa kurasa mbili zake watazisoma leo hii, wakicheka baadhi ya maneno. Watahitaji mwalimu wa kuwakumbusha kwamba anayesimulia aliuza pembe na watu, na kwamba mfanyabiashara akisimulia biashara yake huwa hakosi faida hata kwenye hadithi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tippu Tip alifariki mwaka 1905, kwa hiyo maneno yake ni mali ya umma. Hakuna wa kuombwa ruhusa.

Na kuna mambo ambayo mtandao unayajua kwa bei tu. Mwaka 1916, njia ya bahari ikiwa imefungwa na fedha hazitoki Ujerumani, karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu: za heller kwa matumizi ya kila siku, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Itafute sarafu hiyo leo. Utapelekwa kwenye minada, dola kwa dola. Mafundi waliosimama kwenye mashine zile, mishahara yao, majina yao, hakuna anayeyauza, basi hayamo.

Lakini tukiishia kulalamikia Tervuren na London tutakuwa tumejidanganya. Nusu ya kazi iko hapa kwetu, na nusu hiyo hatujaigusa.

Chukueni Mkutano Mkuu wa TANU wa Januari 1958. Ulifanyika Tabora. Suala lilikuwa kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, je, TANU iingie uchaguzi wa namna hiyo au isusie? Nyerere alishawishi chama kiingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC. Mwanafunzi anafundishwa kwamba ule ulikuwa Uamuzi wa Busara, nukta. Anajua kwamba busara ilishinda, hajui ilishindana na nini. Waliotaka kususia hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na hoja nzito kuhusu utu na usawa, na ndiyo maana ilibidi kujadiliana kwa siku kadhaa. Tunataka hoja zao ziwe mezani, pamoja na za Nyerere. Na tunataka yale ambayo nyaraka za chama zilizoko Dodoma haziwezi kuyasema: wajumbe walilala kwa nani, walipikiwa na nani, vijana wa mjini walisikia nini nje ya madirisha. Yupo mtu Tabora ambaye mama yake alipika siku hizo. Hatujamuuliza.

Au chukueni Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivunja ngome yake ya Kwikuru. Kitabu kinasema alijilipua kwa baruti, na jibu la mtihani linataka hivyo. Wapo wanaosimulia kwamba alifia palepale. Wapo wanaosimulia kwamba alitolewa kwenye kifusi angali na pumzi, akanyongwa. Masimulizi mawili ya kifo kimoja ni zawadi kwa mwalimu wa historia, nasi tunaitupa ili tupate sentensi moja ya kusahihisha haraka.

Utani nao ni ushahidi. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana msibani hawahitaji kujulishana. Matusi yao yana ruhusa, na wazee wengi huuhusisha utani huo na njia ya misafara, watu wa bara na watu wa pwani waliokuwa wakihitajiana maji, chakula na mazishi ya ugenini. Watafiti wamekadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wapagazi waliopita njia hii kwa mwaka walifika laki moja. Watu wengi kiasi hicho hawapiti mahali bila kuacha kitu midomoni mwa wenyeji. Mtoto anausikia utani kila mwezi, na hajawahi kuambiwa kwamba unaweza kurekodiwa, kuandikwa tarehe na kusomwa pamoja na shajara za Wazungu. Muziki ni hivyo hivyo. Kiko Kids na Tabora Jazz walitoka hapa. Kanda za Radio Tanzania ziko kwenye maktaba ya sauti ya TBC, Dar es Salaam. Mwanafunzi anayetaka kujua vijana wa Tabora walicheza nini nchi ilipopata uhuru ana haki ya kusikia.

Sasa jambo gumu, na tunaomba lisomwe polepole.

Tabora ilikuwa kituo cha biashara ya pembe na ya watu. Njia hiyo, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, serikali yetu iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Si zamani sana. Wajukuu wa waliokuwa watumwa na wajukuu wa waliokuwa mabwana wanakaa mtaa mmoja, wanasali pamoja, wameoana, na mambo mengine hayasemwi mezani kwa sababu nzuri kabisa. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti anaweza kurudi nyumbani na sentensi moja ya mzee itakayovunja ndoa ya jirani. Sisi wenyewe hatukukubaliana haraka kuhusu hili. Wapo waliosema tusirekodi kabisa habari za utumwa wa hapa. Wapo waliosema tukinyamaza, historia ya utumwa itaendelea kuwa habari ya Wazungu wema na Waarabu wabaya, na waliobebeshwa minyororo watabaki bila uso.

Tulipofika ni hapa. Tutarekodi. Simulizi linalotaja asili ya familia iliyo hai halitawekwa mtandaoni hata kama msimulizi ameruhusu, kwa kuwa jina si la msimulizi peke yake. Litatunzwa limefungwa. Kila mzee atasikilizishwa sauti yake kabla haijatoka, na akisema iondolewe, itaondolewa, hata baada ya mwaka, na hatadaiwa sababu. Hatutarekodi msibani bila ruhusa ya wafiwa. Picha na majina ya watoto waliofanya kazi ya kurekodi hayatawekwa hadharani. Kwa nyaraka za zamani zenye majina ya watu walionunuliwa na kuuzwa msimamo wetu ni kinyume: majina hayo tutayaandika yote, herufi kwa herufi, maana mara nyingi hiyo ndiyo karatasi pekee duniani inayosema kwamba mtu huyo aliishi.

Kuhusu namna ya kufanya kazi hatuna mengi, ila machache tuliyo nayo tumeyapima. Kitabu kizima cha maandishi matupu, hata cha kurasa mia tatu, hakifiki MB moja. Picha moja tu ya simu ya kisasa huzidi hapo mara kadhaa. Kwa hiyo kila waraka tutauchapa upya kwa maandishi, na picha yake ya asili itakaa kando kwa anayeihitaji. Mwanafunzi asilipie bando kwa ajili ya mapambo ya tovuti. Kila kitu kitapatikana pia kwenye flashi na kadi ya kumbukumbu, ili shule yenye kompyuta chache zisizo na intaneti inakili mara moja na kumaliza. Programu ya bure ya Kiwix imeshaonesha kwamba Wikipedia nzima inaweza kusomwa bila mtandao, yetu itashindwaje? Na shule isiyo na kompyuta hata moja itapata karatasi za A4 za kubandika ukutani. Mtandao kwetu ni ghala. Kusoma kufanyike popote penye mwanga.

Kila waraka utabeba cheti chake juu kabisa: nani aliandika au kusema, lini, wapi, kwa lugha gani, nani amefasiri, asili yake inatunzwa wapi, na kwa nini huenda mwandishi alipindisha. Kitu kisicho na cheti hakipandi, kiwe kitamu namna gani. Tunasema hivi tukizijua zile picha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila sikukuu, mzee yuleyule mwenye kilemba akiitwa mtemi huyu mwaka huu na mtemi yule mwaka ujao. Kinyamwezi kitabaki Kinyamwezi, Kiswahili kikiwekwa pembeni yake. Na tafsiri ya wanafunzi itasahihishwa hadharani, makosa yakionekana, ili wengine waone kazi inavyofanywa.

Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: maktaba yenu ya mtandaoni imetuwekea vitabu vya kiada bure, na tunawashukuru. Ongezeni vyanzo. Vitabu vya kiada ni majibu, hata viwe bora kiasi gani.

Kwa Baraza la Mitihani: siku mtakapoweka karatasi mbili zinazopingana mbele ya mtahiniwa na kumtaka achague akitoa sababu, walimu wote nchini watabadili ufundishaji ndani ya muhula mmoja. Semina hazitahitajika.

Kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: kutoka Tabora hadi kwenye chumba chenu cha kusomea Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za reli. Hatutaki mtupe kila kitu. Tupeni majalada machache kwa kila mkoa, yale ambayo mtoto wa miaka kumi na tano akiyasoma atapata hamu ya kusoma jingine. Mnayajua ninyi kuliko sisi.

Kwa makumbusho na vyuo vya Ulaya: suala la kurudisha vitu na mabaki ya watu wetu ni kubwa, lina wenyewe, na hatuliachi. Leo tunataka dogo lisilohitaji ndege wala mkataba wa nchi mbili. Tupeni nakala safi zisizo na chapa katikati, bila ada kwa shule, na mturuhusu kuweka maelezo ya Kiswahili chini ya picha mlizoziandika "mwenyeji asiyejulikana". Baadhi yao huenda wanajulikana. Hamkuuliza mtaani kwao.

Kwa walimu wenzetu tunasema kwa upole, kwa kuwa tunajua ukubwa wa madarasa: acheni kutoa swali ambalo jibu lake ni aya moja. Ukitoa swali la aya moja utaletewa aya moja, na hutajua imetoka wapi. Mwanafunzi akikuletea jibu, mwulize amelipata kwa nani. Akisema "mtandaoni", mrudishe, kama ambavyo ungemrudisha aliyesema "mjini".

Kwa wazazi na wazee wa Chemchem, Gongoni, Isevya, Ng'ambo, Kiloleni na kwingineko: tunajua mna masanduku. Tunatafuta barua, hasa zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Tunatafuta picha zenye maandishi nyuma, kadi za TANU, vitabu vya mahudhurio na magazeti ya shule kutoka Tabora Boys, ambako Nyerere alisoma tangu mwaka 1937, na kutoka shule ambazo hakuna mtu maarufu aliyesoma humo. Tunatafuta karatasi za malipo ya reli, za mpango wa karanga wa Urambo wa miaka ya 1940, za vyama vya tumbaku na asali. Matoleo ya zamani ya gazeti la Mambo Leo yaliyofungia vikombe yanatufaa pia, ilimradi yanasomeka.

Kazi itafanyika kila Jumamosi asubuhi katika darasa tuliloazimwa. Waraka utapigwa picha mbele yako, utaandikwa kwenye daftari, nawe utaondoka nao mkononi; hatutabaki na kitu cha mtu hata kwa usiku mmoja. Asiyeweza kuja atafuatwa nyumbani na mwalimu mmoja na wanafunzi wawili, mchana, kwa miadi. Wenye kaseti na kanda za zamani tunawaomba jambo moja: msijaribu kuzicheza kwanza ili kuona kama bado zinaimba. Zileteni zilivyo.